Siku Tuliyoipigia Kwata Photosynthesis

Kidato cha kwanza, katika shule yetu ya kata mkoani Tanga, hakuna somo lililotunyamazisha kama Baiolojia. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili miaka 7, Kiingereza kikiwa somo tu. Ghafla vitabu vyote, isipokuwa vya somo la Kiswahili, vikawa vya Kiingereza, na kila ukurasa una neno refu kama treni ya mizigo. Madam akitafuta wa kusoma, safu ya nyuma yote inaangalia sakafu.

Siku hiyo aliandika photosynthesis ubaoni, yaani mimea kujitengenezea chakula kwa mwanga, akasubiri. Kimya. Akachukua chaki nyekundu, akalikata: photo, syn, thesis.

"Photo ni mwanga, syn ni pamoja, thesis ni kuweka. Mnaogopa nini?"

Halafu akafuta mistari, akalikata upya: pho-to-syn-the-sis. Jirani yangu wa dawati akanyoosha mkono. "Madam, mbona vipande vimeongezeka?"

Akasema mkato wa kwanza ni wa maana, wa pili ni wa mdomo, na si lazima ilingane. Tazameni biology: kwa maana ni bio na logy; kwa mdomo ni bi-ol-o-gy, ile o ya bio imeshahamia kwa l.

Kisha akatusimamisha. Kila silabi kofi, penye mkazo mguu chini. Sisi tuliozoea mkazo wa Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho, tulikanyaga the. Yeye akakanyaga SYN. Tukarudia mpaka miguu ikatii, vumbi juu. Likaja PHO-to-graph, likaja pho-TOG-ra-phy, likaja pho-to-GRAPH-ic, na kila mara mguu unahama. Mwisho wa -ic, alisema, huuvutia mkazo kwenye silabi inayoutangulia, na -tion vilevile. -Graphy na -logy huuweka silabi ya tatu kutoka mwisho. Kanuni hizo zimenifaa kuliko orodha zote za msamiati nilizokaririshwa, ingawa Arabic na politics ni wakaidi, hawaifuati ile ya -ic.

Mwalimu wa Jiografia akatokea mlangoni, chaki mkononi. "Kuna gwaride gani huku?"

"Karibu, mwalimu," Madam akamjibu. "Hebu tuambie, wewe geography unaikanyaga wapi?"

Akafikiri kidogo, akapiga mguu kwenye gra. Darasa zima, hata safu ya nyuma, likamrudishia kwa kishindo: ge-OG!