Siku ya kumtafuta fundi wa kuifunga Honda ya baba

Saa 11 alfajiri nilikuwa Chamazi, Dar es Salaam, trei 40 za mayai mlangoni mwa banda, na bodaboda niliyemkodi anakaza kamba. Tangu Machi nalipia usafiri kila siku, kwa sababu pikipiki ya marehemu baba, Honda CG125, imelala chumbani vipande vipande. Fundi aliyeifungua alihama mji, akaniachia injini ndani ya kiroba cha unga. Baba alizunguka nayo vijijini miaka 13 akiwa bwana shamba. Kuiuza chuma chakavu siwezi.

Saa 3 mayai yalikuwa yameisha Rangi Tatu. Nikakodi bajaji, nikapakia kiroba.

Saa 4, fundi wa kwanza, chini ya mwarobaini. Alichungulia, akaufunga mdomo wa kiroba taratibu. "Kaka, injini niliyofungua mwenyewe naijua. Hii kafungua mwingine, kesho pakikosekana kitu nitaambiwa nimeiba spea." Sikumlaumu. Wa pili hakuchungulia hata kidogo. Alitaka laki na nusu mkononi kwanza. Wa tatu akaniagiza cheni ya taimingi, ile ya kufanya vavu zifunguke kwa wakati wake, ileile ambayo fundi aliyehama alinihangaisha nayo Kariakoo siku mbili nisiipate.

Saa 7 na nusu, Gerezani. Muuza spea mmoja alinielekeza kwa mzee fulani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kimwage hapa."

Alitandika turubai, akaanza kupanga: gia na gia zake, bolti kwa urefu, klachi pleti moja moja. Nusu saa hakusema neno. Nilipotaja cheni ya taimingi akainua macho. "CG haina cheni hiyo, mwanangu. Ina hizi." Akaniwekea kiganjani fito mbili za chuma, urefu kama wa kalamu. Ndivyo Honda walivyoiunda tangu 1976: fito zinasukuma vavu, na kamu, yaani chuma kinachoinua fito hizo, inazungushwa na gia ya kranki yenyewe, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Alikwangua uchafu kwa msumari mpaka nukta mbili zikaonekana, moja gia ndogo, moja gia kubwa. Zikitazamana, taimingi imekaa.

Kisha akainua silinda juani, akanipa nitazame. Ndani mlikuwa na mfereji ulionyooka toka juu hadi chini, ukipitisha kucha inakwama. "Huu si wa ringi. Ni pini ya pistoni." Akageuza pistoni: upande mmoja klipu ya kuzuia pini isichomoke ipo, upande wa pili kijishimo kitupu. Aliyeniwekea pistoni mpya Februari hakuirudisha. Ile kelele niliyoambiwa ni vavu, kumbe ilikuwa pini inakwangua silinda kila nilipopeleka mayai. Iliniuma sana. Klipu yenyewe ni kipande cha waya.

Saa 9 tulikuwa kwa mwenye mashine ya kuchonga silinda. Pistoni ya saizi kubwa tuliipata bila shida, maana pikipiki nyingi za Kichina zimeiga injini hii na spea zinaingiliana.

Saa 11 jioni mzee alikataa hela ya ufundi. Aliandika daftarini kila kilichopo na kila kinachokosekana, akasaini, nami nikasaini. Hofu ya yule fundi wa mwarobaini iliishia kwenye ukurasa ule. Akaniambia Jumamosi niende, niwepo wakati anafunga.

Sasa ni saa 2 usiku. Klipu mbili mpya zimo ndani ya kiberiti, mfukoni mwa shati, nitazipeleka mwenyewe. Nimeshampigia bodaboda wa kesho: trei 35, saa 11.