Mdogo wangu alivyocheza karata na yeye mwenyewe, fremu moja tu

Niseme kwanza kilichoniudhi. Kila nilipouliza namna ya kumweka mtu mmoja mara mbili kwenye picha moja, jibu lilikuwa lile lile: piga mbili, kaziunganishe kwenye kompyuta, dakika tano umemaliza. Najua. Sikuuliza hilo. Mimi nataka shata, ule mlango wa kamera unaoingiza mwanga, ikifunga, jambo liwe limekwisha, na nikimwonyesha mtu skrini ya nyuma ya kamera ajikune kichwa palepale. Kwenye kompyuta najiruhusu kukata pembeni, kurekebisha mwanga kidogo na kufuta vumbi. Basi.

Zile rahisi nilishazipiga. Mtu ameshika kioo cha ukutani mbele ya kifua, ukikiinamisha vizuri kinaonyesha mawingu na mtu anakuwa na tundu la mbingu mwilini. Na ile ya mzimu: shata wazi sekunde 30, mtu anakaa kitini sekunde 15 kisha anaondoka, anatoka nusunusu, ukuta unaonekana ndani yake. Hizo hata usingizini napiga.

Hii ilikuwa nyingine. Mdogo wangu wa kiume anapenda karata na anapenda zaidi kuiba. Nikataka picha yake akicheza na yeye mwenyewe, mmoja ameinamia karata zake kwa makini, mwenzake anamchungulia.

Rafiki yangu mmoja, ambaye kamera yake ni ya bei kuliko yangu na hasahau kulitaja hilo, akanishauri: ukipiga mara mbili kwenye fremu moja, kila mara punguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga, la sivyo picha itaungua. Ni kweli, ila kwa picha inayolala juu ya picha, sura ya mtu juu ya matawi ya mti kwa mfano. Hapo fremu nzima inakula mwanga mara mbili. Ukilaza nne, unapunguza stopu mbili. Lakini mimi nilikuwa naziba nusu ya lenzi, upande mmoja kwanza, wa pili baadaye. Kila upande unakula mara moja tu! Nikamsikiliza, nikapunguza, jioni nzima ikaisha nikitazama chumba kilichofifia kama kimezama kwenye maji ya tope, huku nikiilaumu flashi. Flashi ya watu haikuwa na kosa.

Kamera nyingi siku hizi zina menyu ya kupiga mara kadhaa juu ya fremu moja. Yangu haina. Njia yangu ni giza: nazima taa zote, naweka kamera kwenye B, ile herufi ambayo shata inabaki wazi mpaka uiachie mwenyewe, nawasha flashi mara moja mdogo wangu akiwa kushoto na nusu ya kulia ya lenzi imezibwa, anahama gizani, nahamishia kizibo kushoto, nawasha tena akiwa kulia. Kamera haioni kilichotokea katikati kwa sababu hakuna mwanga wa kuonea.

Maneno matamu. Sasa sikia kazi yenyewe.

Mara ya kwanza nilishika kipande cha boksi jeusi kwa mkono mbele ya lenzi. Nilikuwa nimebana tundu la lenzi hadi f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) ili kila kitu kiwe kwenye fokasi. Katikati ya meza ukatokea mstari mweusi wima, mnene, kama mtu amesimamisha nguzo kati ya wachezaji. Boksi lilikuwa limepita nusu kidogo, na katikati pakakosa mwanga mara zote mbili. Nikalirudisha nyuma, mara hii likaziba pungufu, mstari ukawa mweupe. Nilicheza na milimita hizo mpaka mkono ukaanza kutetemeka.

Ilichukua siku kadhaa kugundua kwamba nilikuwa nahangaika na mkono wakati tatizo kubwa ni tundu. Kitu kilicho karibu na lenzi, ukibana tundu kinaonyesha ukingo wake. Ukilifungua, ukingo unayeyuka. Nilipofungua hadi f/4 mstari ukawa ukungu, na ukungu wa kushoto ukaingiliana na wa kulia hadi hauoni pameungwa wapi. Fokasi haikunisumbua, kwa kuwa wachezaji wote wawili wamekaa umbali uleule kutoka kwenye kamera.

Ilibaki ile habari ya mkono, na hapa naomba nijisifu. Nilikuwa na filta ya polaraiza, kioo cha kufunga mbele ya lenzi ili kupunguza mng'aro, imechubuka, haina kazi tena. Ile filta, kama unaijua, ina pete ya mbele inayozunguka ikiwa imefungwa kwenye lenzi. Nikatoa kioo chake, nikakata nusu duara ya kadi nyeusi, nikaigandisha kwenye pete. Kisha nikabandika kijiti cha kiberiti ukingoni, upande ulioziba. Gizani napapasa tu: kijiti kiko kushoto, kushoto kumezibwa. Nazungusha nusu mduara, kijiti kinakwenda kulia, kwisha habari. Hakuna boksi, hakuna kutetemeka, nusu ni nusu ileile kila mara. Gharama yake ni gundi. Gharama halisi ya kazi nzima ilikuwa betri za flashi, na hizo niliacha kuzihesabu.

Kamera inabidi iwe imetulia kweli, maana unaigusa shata ikiwa wazi. Nilining'iniza mfuko wa mawe chini ya stendi. Pia fokasi na mwanga panga kwa mkono kabla ya kufunga ile pete, kwa sababu ukiiachia kamera ijiamulie itaona giza la kadi na kupagawa.

Kosa lingine lilikuwa la flashi. Nilikuwa natembea nayo, namwangazia mdogo wangu kwa karibu, kushoto kisha kulia. Picha ikatoka na kivuli cha kabati kinachokwenda pande mbili na ukuta wenye rangi mbili. Suluhisho: flashi niliiweka juu ya kabati, nikaielekeza darini, sikuigusa tena isipokuwa kubonyeza kitufe chake cha majaribio. Mwanga unatoka palepale mara zote mbili. Na ngoja kile kitaa chake cha kuonyesha imejaa chaji kiwake kabisa kabla ya kubonyeza mara ya pili, usipongoja pacha mmoja atakuwa mweusi kuliko mwenzake.

Kisha kuna vimulimuli. Usiku wa kwanza nilipata nukta ya kijani ukutani, ni taa ya chaja. Nikaibandika selotepu nyeusi. Usiku wa pili simu ya mdogo wangu ikaita mfukoni akiwa njiani kutoka kiti hadi kiti, akaitoa kuona nani anapiga. Hapo katikati ya meza ukatokea uso wa tatu, wa buluu, umevutika kama mpira, hauna mwili. Usiku huo niliiondoa simu mimi mwenyewe chumbani.

Na nilidhani nimeiua kamera. Baada ya kuacha shata wazi dakika moja na nusu, skrini ikakaa nyeusi, vitufe havisikii. Nikatoa betri kwa hofu, picha ikapotea. Kumbe kamera ilikuwa inajipigia yenyewe picha ya giza ya muda uleule ili isafishe chengachenga. Kuna mahali kwenye menyu pa kuzima hiyo. Nilizima.

Kufikia jaribio la kumi na kitu mdogo wangu akaanza kugoma. Nikamwambia mpiga picha Philippe Halsman, mwaka 1948, alipompiga picha mchoraji Salvador Dalí akiwa hewani pamoja na paka watatu na maji ya kumwagwa, alirudia mara 28, na hata hivyo ilibidi baadaye zifutwe nyuzi zilizoshikilia vitu na mkono ulioshika kiti. Akaniangalia.

"Dada, mimi si paka."

Lakini akakaa. Kilichokuwa kinatushinda sasa ni yeye mwenyewe: kila akichungulia karata za mwenzake anavuka katikati, na kinachovuka katikati kinakatika. Nina picha ambayo mkono wake umeishia kwenye kiwiko kama mkia wa mjusi. Nyingine haina pua. Nikachukua uzi, nikauning'iniza darini mahali mstari unapopita, taa zikiwa zimewashwa, akafanya mazoezi ya kurefusha shingo mpaka uzi umguse shavu, asimame hapo. Alipozoea nikautoa uzi. Macho ndiyo yanachungulia, shingo inadanganya.

Halafu nikapata tamaa. Nikasema wakivaa mashati tofauti itapendeza zaidi. Kwa hiyo gizani, shata ikiwa wazi, mimi nikizungusha pete, yeye alikuwa anavua shati moja na kuvaa jingine huku akigonga meza kwa goti na kunong'ona maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikamwuliza, "Tayari?" Akasema tayari. Nikabonyeza.

Ilikuwa ndiyo. Meza nzima, ukuta mmoja, kivuli kimoja, hakuna mstari. Nilikata kidogo upande wa juu tu.

Nikampelekea yule rafiki wa stopu moja, sikumwambia kitu. Aliivuta picha kwenye skrini, akakagua katikati ya meza, akakagua ukuta, akarudi kwenye meza. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kufurahi.

"Sikujua mdogo wako ana pacha," akasema. "Ila huyu wa kulia mwambieni ajifunze kufunga vifungo."

Nikaangalia. Kweli, vyote vimepishana, kuanzia kola mpaka chini.