Siku moja maishani mwangu: dereva wa basi la shule na ndege wa nyikani Iowa, Marekani

Saa 10 na nusu alfajiri simu imelia. Leo sina ruti ya kawaida, nawapeleka watoto wa darasa la nne hifadhi ya wanyamapori ya Neal Smith, na darubini nishaiweka kwenye begi tangu jana usiku.

Saa 12 niko yadi, nakagua matairi, breki, taa, mlango wa dharura.

Saa 2 na nusu tunatoka mjini Des Moines kwa barabara ya 163, mahindi ndo kwanza yanachomoza pande zote mbili. Zamani hapa kote kulikuwa na nyasi ndefu kumpita mtu mzima, leo Iowa nzima imebaki nazo chini ya asilimia 0.1, jembe limemaliza.

Saa 3 na robo tumefika karibu na Prairie City. Eneo hili kampuni ya umeme ilitaka kujenga kinu cha nyuklia, hakikujengwa, mwaka 1990 Bunge la Marekani likapitisha iwe hifadhi, na watu wakaanza kuipanda nyika upya kwa mbegu walizookota makaburi ya zamani na kandokando ya reli, kule jembe halikufika. Mi hilo la makaburi kila nikilikumbuka nanyamaza kidogo.

Baisani, wale nyati wa Amerika wenye manyoya mengi, waliletwa 1996, unawaangalia ukiwa ndani ya gari, kushuka hairuhusiwi. Kasichana kamoja nyuma yangu kakaniuliza kwa Kiswahili, "Papa, ile ni ng'ombe?" Nikamwambia hapana mama, ni baisani, hawa ndo wenyeji. Akawatangazia wenzake basi zima.

Saa 5 walimu wameingia nao kwenye jengo la wageni, mi nina saa moja na nusu yangu, nikashika njia ya miguu. Ndege mdogo anaitwa diksiseli kakaa juu ya bua kavu la mwaka jana, kifua njano, anarudia dik dik sis sis sis bila kuchoka. Mbele kidogo nikamwona ndege mwingine, bobolinki dume, tumbo jeusi, mgongo mweupe, kisogo rangi ya siagi, katoka Amerika Kusini huko maelfu ya kilomita halafu jike lake linataga chini kabisa kwenye nyasi, mtu akifyeka mapema tu kiota kimekwisha. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania nilikokulia, tulikuwa tunakata nyasi za kuezekea, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza nani anaishi humo. Leo nimetembea katikati ya njia, mguu sitoi nje.

Saa 7 tumerudi, mchana ruti kama kawaida.

Saa 1 usiku niko nyumbani, nimekunja suruali natafuta kupe, nimempata mmoja kwenye soksi. Mke wangu anauliza Jumamosi tunaenda na watoto au vipi, nimemwambia tutoke saa 11 alfajiri, hao ndege wanaanza mapema.