Njia ya kitimwendo dukani kwetu: tumefika kwenye zege

Duka letu hapa Morogoro linauza vifaa vya shule, na humohumo tuna uwakala wa pesa. Kibaraza kimenyanyuliwa sentimita 45, ngazi tatu, maji ya masika yasiingie ndani. Kwa ngazi hizo tatu, mteja wa kitimwendo hubaki chini akiita. Namba yake ya simu inatajwa kwa sauti mtaa mzima ukisikia, noti zinapitia mkono wa mpita njia asiyemfahamu, halafu anazihesabu palepale barabarani. Hilo linaniuma kuliko mengine yote, ndiyo maana nimeanza na njia ya kupandia.

Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo sisi tunahitaji mita 5.4, na kutoka kibarazani hadi kwenye mtaro kuna mita 3 tu. Fundi alitaka tumalizie hapohapo. "Atasukumwa, mbona wapo watu," alisema. Tukalaza mbao nene kwa mwinuko huo mkali wa mita 3, mteja wetu mmoja akaomba ajaribu mwenyewe. Hakufika hata nusu: magurudumu madogo ya mbele yalinyanyuka, na kaka yake aliyekuwa nyuma akakidaka kiti. Fundi akakunja futi yake, akaenda kupima ubavuni mwa jengo.

Huko urefu umepatikana, ila njia inaanzia kwenye kona ya kibaraza, mahali pa fundi cherehani jirani yetu. Amekubali kusogeza cherehani yake, nami namshukuru sana, maana pale ndipo penye mwanga. Kona tumeipanua ikawa mita 1.5 kwa 1.5, tambarare, kiti kipate kugeuka.

Mwenye nyumba aliuliza nani anayadai haya yote. Nikamweleza kuhusu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kwamba majengo yanayohudumia umma yanapaswa kufikika. Aliridhia, kwa sharti tusiguse mtaro.

Wiki hii tumeshindilia kifusi na kumwaga zege. Wengi walishauri tupige niru juu, yaani saruji laini ya kusuguliwa, ing'ae kama sakafu ya ndani. Nimekataa. Niru ikilowa inateleza, na hapa ndipo mtu atakapopita mvua ikinyesha. Badala yake fundi ameuchana uso kwa ufagio mgumu zege likiwa bado bichi, mistari ikikata njia kwa upana ili tairi lishike. Pembeni ameinua kingo za sentimita 10, gurudumu lisitoke nje. Sasa tumefunika kwa magunia na tunamwagilia asubuhi na jioni.

Mchomeleaji ataleta bomba za kushikia, kimo cha sentimita 90. Kaunta yetu ina mita 1.1, aliyekaa haoni hata mkono wa wakala; seremala atashusha kipande kimoja hadi sentimita 80, chini kiwe wazi magoti yaingie. Mlango nao una sentimita 75. Kiti kinapita, lakini anayejisukuma mwenyewe anachubua vidole kwenye fremu. Nimeshaagiza fremu ya sentimita 90, na itafungwa bila kizingiti.