Bagamoyo: Kanisa Kubwa Lilikuja Mwisho

Kutoka stendi ya Makumbusho, Dar es Salaam, hadi Bagamoyo ni kilomita sitini na kitu, lakini kwenye daladala ambalo siti ya wanne inabeba watano, safari ni ndefu kuliko hiyo. Ukishuka stendi usikubali bei ya bodaboda wa kwanza. Nilitajiwa elfu tano hadi misheni ya zamani ya Wakatoliki, nikaamua kutembea. Ndivyo nilivyomkuta fundi.

Alikuwa juu ya jukwaa la miti, akibandua lipu ya saruji kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe. Lipu ilikuwa ngumu, haina ufa. Nyuma yake jiwe limekuwa unga. Nilisimama pale hadi jua likawa la utosi, maana maelezo yake hayapatikani kwa waongoza watalii.

Jiwe la matumbawe lina vitundu, hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi. Ukuta ukipakwa chokaa, unyevu hupita kwenye lipu na kukaukia nje, chumvi ikabaki juu; baada ya miaka unakwangua na kupaka upya. Ukipakwa saruji, unyevu hauna pa kutokea. Chumvi huganda ndani ya jiwe na kulimumunya kidogo kidogo. Mwenye nyumba anajisifia ukuta mweupe mpaka siku lipu inapodondoka na kipande cha jiwe.

Chokaa yenyewe ina kazi. Magogo hupangwa, matumbawe yakawekwa juu, moto ukawaka mchana na usiku. Yakipoa humwagiwa maji yasambaratike, kisha hulazwa shimoni wiki kadhaa, afadhali miezi. Ikitumiwa mapema, punje ambazo hazijaiva huvimba ukutani na kurusha lipu vipande vipande. Kipimo ni sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, nao mchanga usiwe wa ufukweni, kwa sababu unaleta chumvi ileile unayoikimbia. Boriti za mikoko ndizo zinazoamua upana wa chumba: hazivuki sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani ni virefu na vyembamba.

Misheni nililipa kiingilio, nikalipa na mwongozaji, na soda ya moto kwa bei ya baridi. Mwongozaji alitaka tuzungumzie Livingstone tu, yule mpelelezi wa Kizungu. Ni kweli maiti yake ililazwa hapo Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuibeba kutoka bara, na mnara wa kanisa la mwanzo, la 1872, ungali umesimama. Lakini parokia haikujengwa na maiti ya mgeni.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu, Padre Antoine Horner na Padre Étienne Baur, walikuja hapa mwaka 1868 wakitokea Unguja, ambako Padre Armand Fava alikuwa ameanzisha misheni mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion. Unguja walikuwa na karakana, hawakuwa na ardhi. Watoto waliokombolewa kwenye soko la watumwa hawakuwa na kwao pa kurudi. Bila shamba, shule ingewalea halafu iwatupe mtaani. Bagamoyo wakapata ardhi, wakapanda minazi. Mtoto alikuwa darasani sehemu ya siku, na sehemu nyingine shambani au kwenye useremala na uhunzi. Vijana walipooana walipewa nyumba na kiwanja katika kijiji cha Wakristo. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha karibu kila kitu. Nyumba ya mapadre ilianza 1873, jengo la masista likafuata 1876. Kanisa kubwa wanalolipiga picha watu leo lilianza kujengwa 1910, likamalizika 1914.

Mpango ule ulikuwa na kasoro zake. Waumini walipatikana kwa kukombolewa, si kwa jirani kuvutiwa, na mji ulibaki wa Waislamu. Soko la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, njia ile ilianza kubana. Kijijini nako kengele ya padre ilitawala kila saa, na wapo waliotoroka. Ndipo familia za Bagamoyo zikapelekwa bara kuanzisha vituo vingine: Mhonda 1877, Mandera 1881. Makaburi ya mapadre na mabruda yanaonyesha gharama nyingine. Wengi walikufa kwa homa wangali vijana.

Kwetu tumeugeuza mpangilio wa Bagamoyo: kigango, yaani tawi la parokia, kinataka kuwa parokia, nasi tumeanza na kanisa la watu elfu. Michango iliisha kwenye nguzo. Nondo zimesimama juani na mvuani, zinaota kutu. Kutu huvimba, na ikifunikwa na zege bila kusafishwa italipasua kama chumvi inavyolipasua tumbawe. Wakati huohuo chekechea, ambayo ada yake ingemlisha padre tunayemwomba, inasomea chini ya mwembe. Nyumba ya padre haijachimbiwa hata msingi, na askofu hawezi kumleta padre alale sakristia, chumba cha kuvalia mavazi ya misa.

Kwa sasa nondo zisuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa uji wa saruji, zilizoliwa zikatwe. Bati zilizo stoo zinatosha madarasa mawili na nyumba ndogo ya padre. Nimeshamwandikia mwenyekiti wa kamati. Amejibu kwamba bati zile zilichangwa kwa jina la kanisa.