Na paka yuko wapi?

Jana usiku nilimsomea mwanangu kitabu cha picha kuhusu wanyama waliokuwepo Yesu alipozaliwa. Watoto wa jirani nao wakajaa sebuleni, maana hapa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, mlango wangu haufungwi mapema. Ng'ombe anapuliza pumzi ya joto juu ya hori, kondoo anatoa sufu, jogoo anatangaza habari. Punda ndiye kachorwa hasa! Ule mstari mweusi mgongoni unaokatana na wa mabegani kama msalaba upo, sawasawa na hawa wetu wanaovuta magari ya mchanga.

Binti wa jirani, anayesoma chuo cha Kurani kila alasiri, akaniuliza, "Bi mkubwa, mtende uko wapi?" Alikuwa na haki yake. Katika Sura ya Maryam, Bibi Maryam anashikwa na uchungu penye shina la mtende. Nikamwambia kitabu hiki kimefuata Injili. Hakuridhika, akauchora wake kwenye daftari, na tende zake.

Halafu, tuseme kweli, Injili yenyewe haitaji punda. Luka anataja hori na wachungaji na kundi lao, basi. Ng'ombe na punda watu waliwatoa Isaya 1:3, na mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi akawaleta wazima wazima kwenye hori la Krismasi kule Greccio, Italia. Ngamia wa mamajusi pia Mathayo hawataji.

Mwanangu hayo hayakumshughulisha. Alichotaka kujua ni mbona hakuna paka hata mmoja. Kwa mtoto wa Mji Mkongwe, zizi bila paka haliingii akilini.