Jinsi ninavyoufaidi msimu wa joto bila kutoka mjini (uzoefu wangu)

Watu wengi ninaowafahamu joto likianza tu wanawaza kuukimbia mji, na kama hela ya kusafiri haipo basi mtu anajifungia ndani na feni anasubiri msimu upite. Mimi hiyo ya kusubiri upite siiwezi kabisa, maana huu ndio wakati matunda na mboga zinakuwa tamu kuliko miezi yote na jioni watu wote wako nje, sasa niache raha yote hiyo ipite mlangoni kwangu kwa nini? Nikakaa chini nikajipanga, na kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kuangalia saa.

Naanza na joto lenyewe kwa sababu ukilijua linavyofanya kazi mengine yanakuwa rahisi. Lami, kuta za saruji na mapaa vinameza jua mchana kutwa halafu usiku vinalitema taratibu, ndio maana unalala saa 5 usiku na chumba bado ni tanuri wakati huko mashambani watu wameshajifunika shuka. Na hili limejulikana zamani, Luke Howard alikuwa anapima hali ya hewa ya London mwanzoni mwa miaka ya 1800 na akaona mji una joto kuliko maeneo ya nje yake, tena usiku zaidi. Kwa hiyo muda wenye ubaridi kweli kweli mjini ni alfajiri, kuta zikiwa zimeshapoa na jua bado. Huo muda nimeufanya wa kwangu. Alfajiri naenda sokoni, kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni nipo ndani au chini ya mti maana hapo ndipo jua linaunguza zaidi, halafu baada ya hapo natoka mpaka usiku. Madirisha na mapazia nafunga asubuhi hewa ya nje inapoanza kuwa moto kuliko ya ndani, nafungua usiku, basi.

Sasa sokoni. Hapa nitaongea sana mnivumilie, maana hapa ndipo utamu wote ulipo.

Kwanza napenda kununua kwa mtu aliyelima mwenyewe au anayejua mzigo umetoka shamba gani, na swali langu ni lile lile siku zote, hivi vimechumwa lini? Kuna mama mmoja nikimuuliza "mama, haya mahindi ya lini?" ananiambia wazi "haya ya jana mwanangu, subiri ya leo yanashushwa sasa hivi", na mtu wa hivyo huwezi kumwacha. Kwenye mahindi mabichi matamu hiyo siku moja ina maana kubwa, kwa sababu yakishavunjwa tu sukari yake inaanza kugeuka wanga, na kwenye joto inageuka haraka zaidi. Yaani hindi lililovunjwa asubuhi ukalichemsha mchana huo huo na lile lililokaa juani siku mbili ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukishindwa kuyapika siku hiyo yaweke kwenye friji na maganda yake, ubaridi unapunguza kasi.

Nyanya ni kinyume. Nyanya iliyoiva sikuwahi kuielewa utamu wake mpaka nilipoacha kuiweka kwenye friji, ubaridi chini ya nyuzi 12 hivi unaua ile harufu yake, ikae tu mezani mbali na jua. Nanunua zingine zimeiva za kula leo na zingine bado bado kidogo za keshokutwa, kwa sababu nyanya inaendelea kuiva baada ya kuchumwa, sawa na embe, parachichi na ndizi. Stroberi haziivi tena zikishachumwa, na tikiti maji nalo halizidi utamu likishakatwa kwenye mmea wake, kwa hiyo hivyo lazima uchague vizuri pale pale mezani kwa muuzaji. Tikiti naligeuza naangalia doa la upande uliolalia ardhi, likiwa la njano iliyokolea maana yake limekaa shambani mpaka likaiva, doa jeupe naliacha. Halafu nalinyanyua, liwe zito kuliko linavyoonekana.

Stroberi na jamaa zake siziogeshi mpaka dakika ya kula maana maji yanazifanya ziote ukungu haraka. Tikiti lakini naliosha ganda zima kabla ya kulikata, watu wengi wanaona haina haja kwa vile ganda haliliwi, ila kisu kinapita kwenye ganda chafu halafu kinaingia ndani na uchafu ule ule.

Jioni chakula hicho hicho ndicho kinatupeleka bustanini. Sipiki kitu kikubwa, kwanza nani anataka kusimama jikoni na joto hilo, ni mahindi ya kuchemsha, nyanya zimekatwa na chumvi kidogo, mkate, matunda, maji mengi. Chupa za maji nazigandisha usiku uliopita nazipanga kwenye begi pamoja na chakula, zinakipoza chakula njiani na zikiyeyuka tunakunywa, hapo umemaliza kazi mbili kwa chupa moja. Na kwenye hili mimi ni mkali hata wageni wangu wanajua: chakula kinachoharibika kama nyama, mayai, maziwa au tunda lililoshakatwa hakikai nje zaidi ya masaa mawili, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu. Kikizidi hapo natupa, hata kama kinanukia vizuri, kwa sababu vijidudu vya kuumiza tumbo havina lazima ya kubadilisha harufu.

Bustani nachagua yenye miti mikubwa, sio yenye majani mafupi tu ya kupiga picha. Mti unatoa kivuli na pia unatoa maji kupitia majani yake na hayo maji yakigeuka mvuke yanapoza hewa, ndio maana ukitoka barabarani ukaingia chini ya miti mingi unasikia tofauti kwenye ngozi pale pale. Mkeka, mpira, karata, watoto wakimbie, wazee wapige stori. Mafuta ya kukinga jua tunapaka tena kila baada ya masaa mawili kama bado kuna jua, na ukitoka kwenye maji unapaka upya.

Kuogelea nako napenda sana, na miji mingi ina mto au ziwa au bahari karibu, ila hapa naomba muwe makini na mvua. Kwenye miji mingi ya zamani mabomba ya maji taka na ya mvua ni yale yale, mvua kubwa ikinyesha yanajaa na kumwagika mtoni. Mimi baada ya mvua kubwa nasubiri siku mbili au tatu ndio niingie. Na inawezekana kusafisha, Paris walipiga marufuku kuogelea kwenye mto Seine mwaka 1923, na Julai 2025 wakafungua sehemu tatu za watu wote kuogelea baada ya kazi kubwa ikiwemo kuchimba tangi kubwa chini ya ardhi la kuhifadhi maji wakati wa mvua. Nilifurahi sana niliposikia, miaka zaidi ya 100 halafu watoto wa mjini wanaogelea bure katikati ya mji wao! Nimekuwa nikiwasumbua viongozi wa mtaa wangu kuhusu mto wetu tangu hapo na siachi.

Kitu cha mwisho ni mzigo unaobaki, maana msimu ukikolea kila kitu kinaiva kwa pamoja na bei inashuka na unajikuta umebeba kuliko mnavyoweza kula. Nyanya zilizolainika nazipika mchuzi mzito bila maji nagandisha kwenye vikopo vidogo. Stroberi naosha, nakausha na kitambaa, natandaza kwenye sinia kila moja peke yake naingiza kwenye frizi, zikishakuwa ngumu ndio namimina kwenye mfuko, hivyo hazigandi kuwa jiwe moja na unaweza kuchota kiasi unachotaka. Mahindi nayachemsha dakika chache, nayatia kwenye maji ya barafu, napukuchua punje kwa kisu nagandisha nazo, na kazi hii tunaifanya usiku madirisha yakiwa wazi, kila mtu na kisu chake.